Biri ya Ndimi Mbili

Tangu sheria ilipounganisha ndimi za wanandoa, Maganga hakuwahi kuvuta biri peke yake. Kila alichoonja yeye, mkewe Nyanzobe alikionja pia, popote alipo. Basi kila Jumamosi mchana alikaa barazani na daftari lake la kuandikia ladha za biri, akasubiri kutukanwa kutoka jikoni kabla hajaandika neno. Nyanzobe aliichukia biri, lakini kwa kutambua ladha alimshinda mbali.

Leo Maganga alikata ncha ya biri, akawasha, akauzungusha moshi mdomoni polepole. Ulianza na harufu ya ngozi, ukaja na kahawa iliyoungua, kisha ukachoma kama pilipili manga.

"Mama Shija! Hii unaionaje?"

"Nzuri, Baba Shija. Tamu."

Maganga akacheka. "Tamu? Juzi si ulisema navuta soli ya kiatu?"

"Nimeshazoea."

Akamega kipande cha tumbaku, akakitafuna makusudi mpaka machozi yakamtoka. Jikoni Nyanzobe aliendelea kuimba, hakukohoa wala kutema mate. Maganga alishasikia kwamba ofisi ya ndoa huwatenganisha watu ndimi kimyakimya; akiomba mmoja, mwenzake haambiwi.

Akainuka, akasimama mlangoni pa jikoni. Nyanzobe alikuwa akionja mchuzi wa maharage kwa mwiko. Maganga akafumba macho, akaisubiri ladha ya mchuzi ule mdomoni mwake. Haikuja.

"Chumvi imekolea?" Nyanzobe akauliza bila kugeuka.

Maganga akameza mate matupu.

"Imekolea, mke wangu. Usiongeze."