Kikombe cha Katikati

Kikombe cha sita kiligoma kuingia. Mtoto alikisukuma kwa viganja vyote viwili, ulimi nje, na kile cha katikati kikasogea kwa mara ya nne asubuhi hiyo.

"Umekisogeza tena," mama yake akasema. "Toa vyote. Anza upya."

"Mwalimu, jamani, ana miaka minne!" alilalamika mwanamke wa dawati la mbele, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. "Mimi nina hamsini na nyota yangu bado inafanana na kaa."

"Yako inafanana na kaa kwa sababu unaongea badala ya kupima. Geuka mbele."

Wanawake wakacheka, Redio mwenyewe akiwashinda wote.

Mwalimu alikuwa binti wa fundi vigae. Nakshi za Kiislamu, zile nyota zinazoshikana kwenye kuta za msikiti bila mwanzo wala mwisho, alizijua tangu utotoni. Kwa baba yake zilianza kwa bikari. Hapa Mkuu alikuwa amezikataa bikari tangu siku ya kwanza kwa kuwa zina ncha, kwa hiyo Mwalimu alifundisha kwa vikombe vya chai vya plastiki, vyote saizi moja. Unafudikiza kimoja katikati na sita kukizunguka. Ukivipanga sawasawa vinagusana vyote, haupiti hata unyasi. Unavizungushia penseli, unaunga kwa rula pale vilipogusana, nyota inajitokeza. Kisha rangi, na vipande jirani visifanane.

Wanawake wangejifunza polepole. Muda walikuwa nao. Mtoto hakuwa nao. Leo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa bibi yake angekuja kumchukua akaanze shule.

Mwalimu hakuwa mtu wa kujidanganya. Kwa bibi kulikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi, na magoti ya bibi hayakuwa ya safari. Labda angemleta mara moja kwa mwaka. Mtoto wa miaka minne husahau sauti, halafu uso. Lakini kitu kilichozoewa na mikono hakitoki upesi, na hakuna nyumba isiyo na vikombe. Angekaa sakafuni kwa bibi yake, avipange, na siku moja mtu angemuuliza, "Nani kakufundisha?" Ili aulizwe hivyo, ilibidi aweze peke yake.

"Mama, basi ni kubwa kama hili darasa?"

"Jembamba zaidi. Lakini refu. Utakaa dirishani."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nina wanafunzi. Nikiondoka, nani atamfundisha huyu Redio?"

Redio aliinamia karatasi yake na kupaka rangi mahali palipokwisha kupakwa.

Alhamisi Mwalimu aliwapa kazi, kisha akageukia ubao makusudi, mtoto asipate uso wa kuomba msaada. Nyuma yake vikombe viligongana, vikanyamaza, vikagongana tena. Kimoja kikaanguka sakafuni. Mtu akasogeza kiti ili akiokote.

"Mwache aokote mwenyewe," Mwalimu akasema bila kugeuka.

Miguu midogo ikakimbia, ikarudi mezani.

"Mama. Kimeingia."

Akageuka. Saba, vimebanana kama mbegu. Mtoto alikuwa amebonyeza kidole gumba juu ya kile cha katikati kisiende popote. Hila hiyo hakufundishwa na mtu.

"Nani kamsaidia?"

"Hakuna, Mwalimu," wakajibu kwa pamoja. "Haki ya Mungu, hakuna."

"Haya. Chora, kisha upake rangi."

Akaurudia ubao, akaandika tarehe juu ya tarehe.

Ijumaa bibi alifika saa nne. Mwalimu alimfunga mtoto viatu kwa fundo mara mbili, akamwambia apige mswaki, asimsumbue bibi, asiache kofia kwenye basi. Hakulia. Alikuwa amelia wiki nzima iliyopita, akaona imetosha.

"Nikija tena nitakuonyesha ya vikombe vingi, vingi kabisa," mtoto akasema.

"Sawa. Mkamate bibi mkono."

Aliwatazama kutoka mlangoni mwa darasa mpaka walipokata kona. Redio akaja kusimama karibu naye, bega kwa bega.

Kengele ikalia. Wanawake wakatoka wakapanga mstari uani, na Mwalimu akashika nafasi yake kati yao. Askari wa kike akapita na daftari, akimgusa kila mmoja bega, mpaka mwisho wa mstari.

"Wafungwa arobaini," akasema akiandika. "Watoto, hakuna."