Khanga Isiyo na Mkia

Khanga mia tatu zilikuwa zimeshagawiwa mji mzima ndipo Raya, mtunza tovuti ya wachangia damu, alipoona kosa. Pale pa jina paliandikwa anwani ya tovuti, ila mchapaji alikuwa ameikata ".html" ya mwishoni.

"Jina la khanga haliishii na vidudu vile," mchapaji alimjibu kwenye simu, wala hakuomba radhi. "Nimekupendezeshea."

Raya akaijaribu anwani ile. Ukurasa haukupatikana.

"Basi tuzikusanye, mwanangu?" aliuliza Bi Tausi, muuguzi mkuu, huku ameshika kiuno.

"Ngoja kwanza, mama."

Alifungua mipangilio ya seva ya tovuti, akaongeza mistari mitatu ya maagizo: anayekuja bila ule mkia wa ".html" naye afunguliwe ukurasa uleule. Akajaribu tena. Ukurasa ukafunguka, na anwani juu yake ikabaki fupi vilevile kama kwenye khanga.

Nje ya dirisha alipita mama mmoja aliyejitanda khanga ile. Nyuma yake mwendesha baiskeli alikuwa ameweka mguu chini, simu mkononi, anasoma mgongoni mwake herufi moja moja. Yule mama akahisi anasomwa. Akasimama, bila kugeuka, ili msomaji wake amalize.