Mashuka Meupe

Karatasi ya kunasa vumbi ilitoka kwenye kipimo nyeupe pe.

"Umejionea tunavyopima hewa, mkaguzi," meneja wa kiwanda alisema. "Gonga muhuri wa serikali."

Tunu aliinua muhuri, akatupa jicho ng'ambo ya ua. Kila nyumba ilikuwa imeanika mashuka meupe.

"Kuna harusi, mama?" alimuuliza jirani mmoja.

"Hakuna, mwanangu. Tukiona gari la serikali tunafua. Siku hiyo moshi hautoki."

Tunu akarudisha muhuri mkobani. Akaweka karatasi mpya kwenye kipimo, kisha akamwambia dereva atangulie na gari.

Lilipopinda kona, kina mama wakaanza kuanua mbiombio. Mchochea tanuri naye alikuwa akilisindikiza kwa macho, beleshi la makaa mkononi. Meneja akatimua mbio kumwahi, akipunga mikono yote miwili.