Taa ya Joto

Waya wa sensa ya joto ulikuwa umekatwa, na ncha yake imeviringishwa utepe mweusi, nadhifu kama kidonda kilichofungwa na nesi.

Kabula aliushika kwa vidole viwili. Gari lilikuwa limechemka na kuzima katikati ya mteremko, kabla ya kufika Kisesa. Alikuwa amevuta handibreki, akafungua boneti, akasimama mbele ya gari, upande wa chini, mvuke ukimfuka usoni. Mama yake alibaki ndani, akijipepea kwa kanga.

Juzi tu fundi wa Nyakato alimhakikishia kwamba injini haina tatizo, sensa ndiyo inayodanganya, na ameshaibadilisha.

Kabula alimpigia simu.

"Fundi, gari limechemka mpaka limezima. Umebadilisha sensa gani wewe, wakati waya umeukata?"

"Dada, si ulisema hiyo taa ya joto inakunyima raha? Kwani imewaka tena?"

Haikuwaka. Njia nzima dashibodi ilikuwa imetulia, naye akakanyaga mafuta kwa amani. Hasira zilimpanda.

"Nilikuletea gari ulitengeneze au ulizibe mdomo?"

"Usipaniki, dada. Mimi kazi naifanya kwa moyo," fundi alisema, bila chembe ya aibu. "Hata ile taa nyekundu ya breki ilikuwa inawakawaka. Nayo nilikuzimia. Hiyo nilikupa ofa."

Kabula alitaka kumjibu, lakini gari lilikuwa limeanza kuserereka, na bampa limeshamgusa magoti.