Injini Iliyochemka Segera

Mtaa mzima hapa Tanga hakuna anayesoma injini kama mimi. Kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne. Simu ndiyo inayosoma, mimi naitikia kwa kichwa kama fundi.

Siku hizi ndiyo sheria: gari likiwaka, simu ya mama wa mwenye gari hupokea hali ya injini, yaani joto, mizunguko, mafuta, na mahali lilipo. Mwanangu Shekue akikanyaga mafuta kwa hasira, mimi nasikia jikoni.

Jana alasiri alikuwa aje kuniambia kama yeye na nduguze wameiuza nyumba hii ninayoishi au wameiacha. Chai ikapoa. Akapiga.

"Shikamoo mama. Gari limenichemkia huku Segera, sifiki leo."

"Marahaba. Pole, baba. Limechemka sana?"

"Mvuke mtupu!"

Simu ikatusomea sote wawili kwa sauti yake ya kistaarabu: "Injini ya Shekue. Joto la kawaida. Hitilafu hakuna. Inanguruma bila kwenda, nje ya lango la mama."

Nikafunua pazia.

"Zima basi, baba, unanijazia moshi sebuleni. Nyumba mmeiuza?"

Akazima injini. Mlango wa gari haukufunguka.