Jina la Baba: Chai

"...anamjua! Baba mdogo, haki ya Mungu, anamjua Chai kabisa!"

Aluel hakuwa hata ametua mkoba. Vumbi lote la barabara ya Lodwar lilikuwa kwenye nyusi zake, na alikuwa anaongea kama mtu aliyemeza redio.

Alier alikuwa amekaa mlangoni, anakaza kamba za kitanda. "Kunywa maji kwanza," akasema.

"Maji ya nini! Kuna mama mzee ametoka nyumbani juzi, anaitwa Akon. Nimempata sokoni Lodwar anaulizia watu wetu. Nikamwambia mimi ni Aluel Chai. Weh! Akanishika mashavu hivi, akalia. Akasema, 'Chai nilimbeba na mikono hii.' Anakuja nyuma yangu na pikipiki ingine."

Kamba ikamponyoka Alier.

Jina hilo la Chai lilikuwa limemsumbua Aluel tangu darasa la kwanza hapo kambini Kakuma. "Aluel Chai, sukari iko wapi?" Chuoni, mwalimu akisoma majina, akifika "Chai," darasa zima linaitikia, "Na mandazi!" Siku ya kwanza ya kazi Lodwar, askari wa getini, Ekaale, alimuuliza baba yake anaitwa nani. "Chai," akajibu. Ekaale akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti: "Dada, hapa chai mimi ndio huitisha."

Hata Abei, Mturkana anayeishi naye chumba kimoja, hakumhurumia. "Sisi tunaita mtoto mvua, tunaita mtoto upepo, tunaita mtoto njia. Nyinyi mkaangalia, mkaona birika!"

Aluel alicheka nao, lakini kicheko chenyewe kiliishia mdomoni. Kilichomuuma ni kwamba nyuma ya jina hapakuwa na sura. Mama yake alifariki Aluel akiwa hajui hata kutembea. Ni Alier, mdogo wake Chai, aliyembeba mabegani wakikimbia vita mpaka Kenya, akamlea peke yake, akamsuka nywele mwenyewe, tena vibaya. Na Alier ukimuuliza kuhusu Chai, anakupimia maneno. Chai alipenda ndama wa rangi ya majivu. Chai alicheka hata usingizini. Chai aliogopa radi. Basi.

Hiyo ya radi Aluel hakumwambia mtu. Yaliyobaki alijijazia. Akampa Chai urefu, akampa bunduki, akampa wanajeshi wa kuongoza. Akamfanya amepotea tu vitani, hajafa.

"Aluel," Alier akasema sasa, "Jumamosi wazee wa mchumba wako Mading wanakuja kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari."

"Nimemwambia Mading wangoje kwanza."

"Umemwambia nini?"

"Wangoje! Kama Chai yuko hai, si ndiye atakaa na wao? Mtu anaolewaje baba yake hayuko, na anaweza patikana?"

Alier akasimama. Alikuwa mrefu, lakini alisimama kama mtu aliyebeba gunia. "Wazee hawaambiwi wangoje. Hiyo kwao ni kama umewafungia mlango. Watapeleka ng'ombe zao boma ingine, na huyo kijana wako ataenda na wao."

Aluel akaangalia simu yake, maana Mading alikuwa hajajibu tangu asubuhi. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Na wewe haraka ni ya nini? Ya kukaa mbele ya wazee uulizwe mahari, kama mtoto ni wako?"

Alier akakigeukia kitanda.

"Ungekuwa na mtoto wako, baba mdogo, ungenielewa."

Lilimtoka, na halikurudi. Kambi nzima hapakuwa na mtoto hata mmoja anayeitwa kwa jina la Alier, na kila mtu alijua. Alier akainama, akaitafuta kamba yake chini, ingawa ilikuwa hapo hapo mguuni.

Pikipiki ikanguruma nje ya uzio wa miiba. Mama Akon akaingia polepole, shuka begani. Hakumsalimia Aluel. Alienda moja kwa moja kwa Alier, akamshika mikono yote miwili, akakaa nayo hivyo.

"Mama, mwambie!" Aluel akaruka. "Chai yuko wapi? Yuko hai?"

Yule mzee akamtazama Alier. "Kumbe hujamwambia?"

"Alikuwa mtoto," Alier akajibu.

"Huyu ndiye mtoto? Huyu wa kuolewa?" Mama Akon akamgeukia Aluel, akaongea Kidinka cha taratibu asikose neno. "Chai alichukuliwa na surua, binti yangu. Alikuwa bado anachunga ndama, meno ya utoto yako mdomoni. Huyu Alier hata alikuwa hajazaliwa."

"Haiwezekani. Mimi ni mtoto wa Chai."

"Ni mtoto wake kabisa. Kwetu mvulana akifa hajaacha mtu, ndugu yake akikua anamwolea mke na kuzaa naye. Watoto wakija, wanaitwa wa yule marehemu, ili jina lake lisipotee."

Aluel akatua mkoba hatimaye.

"Ndugu yake yupi?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

Mama Akon akaweka mkono begani kwa Alier. Alier alikuwa bado ameangalia chini.

"Mpigie Mading, mwambie wazee waje," akasema. "Mimi nitakaa pale kama baba mdogo, ndivyo inavyotakiwa. Na vile mama yako alinikataa mara ya kwanza, akanirudishia ng'ombe wangu wote huku anacheka, hiyo nitakuambia kesho."