Rejeta ya Mzee

Hakikupanda kiputo hata kimoja.

Fundi alikuwa ameing'oa rejeta ya zamani ya Pijo 404, akaziba midomo yake kwa mipira, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye pipa la maji aone inavujia wapi. Igoki, mjane wa mwenye gari, aliinama juu ya pipa. Maji yalitulia hadi akauona uso wake.

"Nani alikuambia hii inavuja, mama?"

"Marehemu mzee."

Kwa miaka kumi na minne, kila mwisho wa mwezi, mzee alikwenda kukagua shule Siakago. Kila mara rejeta ilitoboka huko, ikabidi alale. Jumapili alirudi Embu moja kwa moja hadi kanisani, shati limepigwa pasi, naye Igoki akawaombea baraka waliomlaza.

"Haijawahi kuchomewa tundu hata siku moja," fundi alisema. "Ni nzima kuliko hiyo nyingine uliyonunua badala yake. Nifunge ipi?"

Igoki alikausha vidole kwa leso, kimoja kimoja.

"Rudisha ya mzee," alisema. "Nataka inifikishe Siakago leo."